Naomba ushauri: nataka kuendesha moto (pikipiki) yangu hapa Bukavu, ila miguu haifiki chini

Muuguzi wa Bagira:

Kaka na dada, hamjambo. Mimi ni muuguzi, nakaa Bagira, kazi iko Panzi. Kwenda na kurudi napanda moto za motari (waendesha moto za abiria) wanne tofauti, na zamu ya usiku ikiisha namkuta motari naye macho mekundu kama yangu. Basi nimeamua kununua yangu. Pesa nimeiweka kidogo kidogo tangu mwaka jana, na kufika mwezi wa saba nitaweza kupata moto ndogo mpya au okazyoni (iliyotumika) nzuri.

Shida ni kwamba nina urefu wa mita 1.58. Jumapili iliyopita shemeji alinifundisha kwa Yamaha DT ya kazini kwao. Nikikaa juu yake, ni ncha za vidole tu zinazogusa chini. Alinipeleka kwenye njia yenye mlima kidogo akaniambia, "Achia ambreyaji (klachi) polepole." Moto ikazimika, ikaanza kurudi nyuma. Nikateremsha mguu wa kulia, ardhi nikaikosa, tukalala chini mimi na moto. Shavu la mguu liligusa ekzosi, sasa nina kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda ambacho nakifunga mwenyewe kila asubuhi.

Sijakata tamaa. Lakini kila mtu ananiambia lake. Mmoja anasema TVS 125, mwingine Boxer 150 kwa sababu ya milima yetu, mwenzangu kazini anasema nichukue skuta isiyo na vitesi (gia). Kuna na papa (mzee) mmoja jirani anauza AG 100 ya zamani, bei nafuu. Nichukue ipi? Na nianzie wapi kujifunza?

Motari wa Nyawera:

Pole sana mama. Kwanza, kosa halikuwa lako. Mtu hafundishwi siku ya kwanza mlimani, tena juu ya moto ndefu kama DT. Shemeji alikuwa na nia njema, ila alianzia mwisho.

Niko barabarani mwaka wa kumi na mbili sasa. Wote wanaokushauri wanakusemea habari ya kupanda. Hapa kwetu, moto yoyote yenye afya itapanda. Wewe uliza inavyoshuka. Wateja niliowaona wakianguka, wengi walianguka tukiwa tunateremka, mvua imenyesha, udongo umekuwa kama sabuni.

Moto inashuka salama ikishikwa na injini. Ukiweka vitesi ya kwanza au ya pili na kuachia gesi (mkono wa mafuta), injini yenyewe inaivuta nyuma, breki zinabaki za kusaidia tu. Ndiyo maana skuta siipendi kwa njia za Bagira au Kadutu: mwendo ukipungua sana, ambreyaji yake inajiachia yenyewe na moto inateremka kwa uzito wake. Unabaki na breki peke yake, na breki ikishikwa muda mrefu inapata joto na kulegea. AG na DT nazo injini zake ni za mipigo miwili, zile zinazochoma petroli iliyochanganywa na mafuta ya injini. Ni moto ngumu, haziogopi njia mbaya, ila ukiachia gesi hazikushiki sana. TVS au Boxer, za mipigo minne, zinakushika vizuri zaidi.

Sheria yangu mimi: mlima unaoupanda na vitesi ya pili, uushuke na ya pili. Na tafadhali, usije ukaiga wale wanaozima injini na kushuka bure ili kuokoa petroli. Hao nawagombeza kila siku pale parkingi.

Fundi Kadutu:

Naunga mkono. Naongeza la ufundi.

Boxer 150 ni nzuri, lakini wewe huna mzigo wala mteja. 125 inakutosha hata ukizingatia kwamba Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi na injini ya kaburata hupoteza kama 15% ya nguvu zake. Kwa mtu mmoja mwenye mkoba, hutaisikia. Uzito ndio utausikia, siku itakapolala na uko peke yako.

Usinunue kabla hujaikalia. Vaa viatu vyako vya kazi, kaa, iondoe kwenye stendi, iegemeze kushoto halafu kulia. Mguu mmoja ukikanyaga chini kwa unyayo mzima, inatosha, si lazima yote miwili. Ikibaki juu kidogo, mshonaji wa viti anaweza kupunguza sponji sentimita mbili au tatu. Usikubali mtu akukatie springi za nyuma.

Kwa okazyoni, linganisha namba iliyogongwa kwenye chasi na ile ya karatasi. Geuza usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukihisi unakwama katikati ujue beringi zimekwisha au ilishapigwa mbele. Pita kidole chini ya shingo ya chasi utafute alama za kuchomelea. Ukiona rangi mpya hapo peke yake, achana nayo.

Dada wa Nguba:

Yaya, nakuelewa kabisa, mimi nina 1.60 na mwaka wa nne naendesha Boxer 100. Nikuambie nilivyojifunza.

Siku mbili za kwanza sikuwasha injini. Niliisukuma tu kwenye uwanja wa shule, Jumapili mchana, nikaizungusha, nikaiweka kwenye stendi na kuitoa mpaka nikaujua uzito wake. Halafu wiki nzima nilifanya kitu kimoja, kuondoka na kusimama. Mita kumi, simama. Mita kumi, simama. Watoto walinicheka, wakachoka, wakaenda. Baada ya hapo nikaanza kuzunguka chupa za maji nilizopanga chini, nikiangalia mbele nilikotaka kwenda wala si chupa. Barabara ya lami niliigusa wiki ya nne, alfajiri kabla ya magari.

Mlimani fanya hivi. Mguu wa kushoto ndio unaokanyaga chini, wa kulia unabaki juu ya breki ya nyuma, hautoki. Achia ambreyaji mpaka usikie sauti ya injini inashuka na moto inataka kusogea. Sasa ongeza gesi kidogo, ndipo uachie breki. Moto haiwezi kukurudisha nyuma hata sentimita. Ungekuwa umefundishwa hili, usingeungua.

Jingine ni la sisi wanawake. Kitenge na mnyororo ni maadui. Mimi pindo la kitenge lilishikwa na mnyororo karibu na Feu Rouge, bahati nilikuwa nasimama. Likakatika kipande cha kiganja kizima, jeusi kwa grisi. Tangu hapo navaa suruali, kitenge nakikunja mkobani na kukivaa nikifika.

Muuguzi wa Bagira:

Aksanti sana, nimesoma mara mbili. Hilo la mguu wa kulia kubaki kwenye breki hakuna aliyewahi kuniambia.

Nina swali la kaske (kofia ngumu ya kukinga kichwa). Kwa kazi yangu naona vichwa vinavyoletwa, sihitaji kushawishiwa. Mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, ya mwaka 2008 yalionyesha kaske hupunguza hatari ya kufa kwa 42% hivi, na ya kuumia kichwa kwa 69%. Ila sokoni nyingine nyepesi kama bakuli la plastiki. Nitaitambuaje nzuri?

Motari wa Nyawera:

Tafuta herufi E ndani ya duara kwenye kitambaa kilichoshonwa ukandani. Wapo wanaoghushi, kwa hiyo bonyeza na ndani: lazima kuwe na povu gumu, si sponji laini peke yake. Ivae, funga ukanda, tikisa kichwa. Kaske ikicheza, si yako. Jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, iache dukani. Na usinunue iliyotumika. Ikishaanguka vibaya, povu limekufa hata kama nje inang'aa.

Mama, na kwenye tope la kushuka, breki ya mbele iguse kwa vidole viwili tu. Kwenye lami kavu ndiyo inayosimamisha moto kuliko ya nyuma, lakini kwenye tope ikifunga gurudumu la mbele hutapata muda wa kusema chochote.

Muuguzi wa Bagira:

Nimerudi. AG ya papa jirani nimeiacha, nimemwambia kwa heshima. Jana Jumapili tulienda uwanjani na shemeji, amesoma hapa na ameniomba msamaha. Ameazima TVS ya rafiki yake. Mguu wa kushoto unakanyaga wote. Tumeisukuma saa nzima bila kuiwasha, mikono inauma hadi sasa.

Fundi, kuna TVS ya okazyoni nimeonyeshwa. Jumamosi asubuhi ukiwa Kadutu, nitapita nayo uisikilize kabla sijatoa dola hata moja.