Tuliosoma uzamili wa afya ya akili kwa mtandao huku tunaingia zamu, tupeane uzoefu

MkeshaWaWodi
Wakuu habari za muda huu. Juzi muuguzi mwenzangu kaniomba nimpitishie macho barua yake ya maombi. Anataka uzamili wa afya ya akili, wote kwa mtandao, na zamu haachi. Kwenye barua kaandika "nina muda wa kutosha". Nilicheka mpaka akanuna.

Waliomaliza na walioishia njiani, mwageni humu. Mimi ninachokumbuka zaidi ni mhadhara niliousikiliza nikiwa kazini, sikio moja kwa mhadhiri, jingine kwenye wodi. Anaeleza tofauti ya deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, na saikosisi, yaani kupotelewa na uhalisia, na hapo hapo kitanda cha dirishani nina mzee anaokota vitu visivyoonekana juu ya shuka. Jana yake alikuwa mzima, asubuhi ametulia, jioni hajui yuko wapi. Kumbe maambukizi ya njia ya mkojo. Alipotibiwa akarudi kuwa mwalimu mstaafu mwenye maneno mengi. Hiyo mada sikuirudia tena, iliingia moja kwa moja.

SitiYaMbele
Nimeshakaa. Endeleeni.

DaktariMchovu
Kilichonitoa jasho ni insha za tafakuri. Sisi tumelelewa kwa "mgonjwa wa miaka 40, analalamika hiki na hiki". Halafu unaambiwa uandike ulijisikiaje alipoanza kulia mbele yako. Nikapeleka kurasa nzuri kabisa za dalili na dozi. Zikarudi na swali moja pembeni: "Wewe uko wapi humu?" Yule msahihishaji nilimsema moyoni muhula mzima.

KalamuNyekundu
Umenena mkuu. Na hapo bado marejeo hayajakataliwa kwa sababu ya nukta.

BiZamu
Umegusa kulia nikakumbuka jambo.

Muhula wa pili tulikuwa na zoezi la kumhoji mtu mwenye mawazo ya kujiua. Tunagawanywa watatu watatu kwenye vyumba vidogo vya majadiliano: mmoja mtoa huduma, mmoja mgonjwa, mmoja mtazamaji na fomu yake ya kuweka vema. Mimi nilikuwa mtoa huduma. Mgonjwa wetu alikuwa daktari wa dharura, mchangamfu, ndiye aliyekuwa akituchekesha kila kipindi. Karatasi ya igizo ilisema yeye ni mfanyabiashara aliyefilisika.

Nikaanza na PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa ya kuchuja sonona, tukateremka nayo. Usingizi, hamu ya kula, uchovu, anajibu kama mwigizaji kabisa. Tukafika swali la tisa, lile la kuona afadhali ungekufa au kutaka kujidhuru. Akanyamaza. Kisha akasema, "Siku nyingi tu. Hasa nikitoka zamu."

Mfanyabiashara gani ana zamu? Nikaangalia karatasi, nikamwangalia yeye. Mtazamaji anaendelea kuweka vema. Nikauliza, "Hapo umejibu wewe au mgonjwa?" Akasema, "Mimi."

Jamani, tulikuwa tumesoma pamoja miezi na sikujua hata anaishi mji gani! Nikamuuliza mfululizo: uko wapi sasa hivi, nani yupo nyumbani, tukikatika nikupigie namba gani. Akanitajia namba, na mara picha ikaganda, mkono wake upo kwenye paji la uso. Nikampigia. Akapokea. Mtazamaji akakimbilia darasa kuu kumwita mhadhiri, mimi nikabaki kwenye simu. Nikamuuliza waziwazi kama ana mpango, kama ana kitu karibu cha kujidhuru, nini kimemzuia mpaka leo. Alijibu vyote, tena kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Sikukata mpaka mkewe akaingia chumbani na kuichukua simu.

Alitibiwa, akasimamisha masomo, akarudi, akamaliza baada yetu. Kesho yake chuo kikatutumia fomu ya kuuliza kama kipindi "kilikidhi matarajio".

SitiYaMbele
Nimesoma nimesimama. Pole sana dada.

KalamuNyekundu
Ndiyo maana nasema haya mambo si ya kusomea kwenye skrini. Darasani mhadhiri angemwona usoni kabla hata zoezi halijaanza.

DaktariMchovu
Angemwona nani? Huyo mtu alikuwa anaingia kazini kila siku na wenzake, wote watu wa afya, na hakuna aliyemwona. Skrini imeingiaje hapa?

KalamuNyekundu
Mimi nazungumzia kozi, si kazi. Usinibadilishie mada.

Mpita_Njia77
Kwani mkimuuliza mtu kuhusu kujiua si ndiyo mnamwekea wazo kichwani?

BiZamu
Hapana. Hilo limechunguzwa sana na kuuliza hakupandi wazo. Wengi wanapata nafuu kwa kuulizwa tu.

KalamuNyekundu
Na siri ya mwenzako je? Umeianika hapa.

BiZamu
Ameisoma kabla sijabandika. Kaniambia niongeze kwamba yeye ndiye aliyekuwa mchekeshaji. Una lingine?

Tabibu_Kijijini
Turudi kwa mwenye barua. Mwambie kabla ya kulipa chochote aulize mambo mawili: shahada inatambuliwa na baraza linalomsajili? Na usimamizi wa mafunzo kwa vitendo anautoa nani, wao au ajitafutie? Mimi niliambiwa nijitafutie, na nilipo mimi daktari bingwa wa akili yuko mwendo wa siku nzima.

Halafu apakue mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ule wa kuhudumia wagonjwa wa akili, toleo la pili la 2016. Ni bure, umeandikwa kwa ajili ya sisi tusio mabingwa. Akiusoma akachoka, ajue na kozi itamchosha.

PigaHesabu
Nyongeza: vyuo vya mfumo wa Uingereza, krediti 60 ni cheti cha uzamili, 120 stashahada, 180 ndiyo shahada yenyewe. Vingi vinakuruhusu kuishia njiani na karatasi mkononi. Mimi niliishia 120, nikaikimbia tasnifu, na sijutii.

DaktariMchovu
Tasnifu usiikimbie, fanya mapitio ya machapisho. Hukutani na kamati ya maadili.

Tabibu_Kijijini
Usimdanganye mtu. Akusanye data wodini kwake, ndipo atajifunza. Kibali aanze kukiomba mapema tu.

Mpita_Njia77
Mambo mengi ya nini? PHQ-9 ikifika 10 ni sonona, andika dawa, mgonjwa aende.

MkeshaWaWodi
Mkuu hapo umetuua. Hiyo ni chujio. Alama zinaishia 27, na 10 inakuambia kaa na mtu huyu umsikilize vizuri. Ulimuuliza kama aliwahi kukaa siku kadhaa halali, hachoki, anajiona hakuna kama yeye? Mwenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha juu, ukaja kumtafuta. Tezi ya shingo ulipima? Nayo ikilegea inaleta uchovu na huzuni hiyo hiyo.

Mpita_Njia77
Sawa walimu.

SitiYaMbele
Kamera mlikuwa mnawasha?

KalamuNyekundu
Kamwe.

BiZamu
Kila kipindi. Na siku ya kwanza kabisa kikundi chenu kiandikiane namba za simu na mji wa kila mtu, chuo kiseme kisiseme.

PigaHesabu
Na mpange zamu ya mchana siku ya mtihani.

DaktariMchovu
Unapanga wewe zamu?

Mgeni_Mpya
Samahani wakuu, hiyo kozi lazima kompyuta au simu inatosha?

Tabibu_Kijijini
Mihadhara, simu inatosha. Insha utaandika ukilia. Tasnifu kwa simu usijaribu, labda ufuate njia ya PigaHesabu.