Naomba ushauri: vijana wanachomelea vizuri, mchoro unawashinda

Wakuu, habari za kazi. Nafundisha uchomeleaji chuo kimoja cha ufundi Morogoro. Vijana wangu mkono wanao, ukiwaonyesha geti lililokwisha tengenezwa wanakutolea jingine kama hilo. Wape karatasi ya mchoro sasa! Wanaigeuza geuza, mwisho wanakuuliza, "Mwalimu, kwani inatakiwa iweje?"

Juzi niliwapa kazi ndogo tu: flatibaa mbili za milimita 6 zisimame kama herufi T, alama ya pembetatu (weldi ya kona) imekaa kwenye mstari mzima wa mshale, yaani chomelea upande unaoelekezwa na mshale, imeandikwa a5. Zaidi ya nusu walichomelea upande wa pili wa mshale, wakati upande ule ungeonyeshwa kwenye mstari wa kukatika katika. Waliopatia upande nao wakapima mguu, yaani weldi inavyotambaa juu ya flatibaa kutoka kwenye kona, milimita 5. Herufi a ni unene wa koo la weldi, yaani kutoka ndani ya kona hadi uso wa weldi kwa njia fupi, kwa hiyo mguu ulitakiwa ufike kama 7. Wangeandikiwa z5, maana z ndiyo mguu, hapo sawa.

Nimejaribu kuwakatisha maboksi na kubandika kwa gundi kabla ya kugusa chuma. Kwa kuelewa sura ya mbele, ya juu na ya ubavuni imesaidia sana, tena rodi hazipotei. Kwenye alama bado giza.

Sasa nawaza nianzie kinyume: nimpe kijana kipande kilichokwisha chomelewa, apime, achore mwenyewe na kuweka alama, halafu mwenzake atengeneze kwa kufuata karatasi ile. Kuna aliyewahi kufundisha hivi? Alama mliwaingiza wiki ya kwanza au baadaye?