Msumari wazama, ferri yaelea: mbona?

Baba Swale: Wadau naomba msinicheke. Jana niko kwa ferri pale Likoni, malori yaingia moja baada ya jengine, kijana wangu wa gredi ya tano akaniuliza baba, msumari ukitupwa majini wazama, sasa chuma chote hiki mbona hakizami? Nkamwambia ni injini. Akanitizama tu. Usiku nkawaza, injini ikizimwa si bado yaelea? Nisaidieni kabla hajaniuliza tena.

fundi_jahazi: Hahaha injini tena yakhe! Ni hewa, kule chini ni patupu, kama mtungi wa plastiki ulofungwa kifuniko.

Mama Zuu: Fundi, hewa haivuti kitu juu, kinachosukuma ni maji. Baba Swale chukua beseni la maji, tia kijiko, kitazama. Kisha weka bakuli la bati lielee, ulikandamize polepole na kiganja, utaskia maji yabisha na utayaona yapanda kwa beseni. Hayo yaliyosogea ndio hesabu yenyewe: kitu husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kilioyaondoa. Aligundua Archimedes, Mgiriki wa Sirakusa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mita moja ya ujazo ya chuma ni kama kilo 7,850, ya maji ya bahari kama 1,025, kwa hivyo msumari hauwezi kuondoa maji ya kuubeba. Lakini chuma hicho hicho ukikifanya bakuli chashika nafasi kubwa, na hewa fundi yakaa tu hapo ndani badala ya maji, basi.

Baba Swale: Kumbe! Na lori likipanda?

Mama Zuu: Yashuka mpaka iondoe maji mengine ya uzito wa lori. Tuseme ferri ni mita 50 kwa 15, lori la tani 15 laishusha kama sentimita 2, utaona wapi na mawimbi yale.

fundi_jahazi: Haya nimekubali mama. Ndio maana jahazi kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, ikilegea twafua maji usiku kucha, yakijaa ndani hakuna tena nafasi.

Baba Swale: Tumejaribu. Jikoni kumelowa, mamake kanuna, na kijana sasa auliza nyambizi yazama vipi kisha yaibuka.

fundi_jahazi: Hiyo yajaza maji makusudi kwa matangi, ikitaka kupanda yayatoa kwa hewa. Mwambie asijaribu na sufuria za mamake.