Nguzo mpya haionekani kwenye karatasi zetu: mnapangaje faili rejea za AutoCAD?

mchoraji_ngara

Hamjambo wenzangu. Nachora kwa AutoCAD, programu ya michoro ya majengo, kwenye ofisi ndogo ya wasanifu hapa Ngara. Tuna jengo la fleti kule Kileleshwa: faili moja ya gridi, moja ya kila sakafu, na karatasi za kuchapisha zinazovuta hizo zote kama rejea, yaani zinaonekana ndani yake lakini zinabaki faili zao wenyewe. Mhandisi wa miundo yuko Upper Hill, wa maji na stima anafanyia kazi kwake Rongai.

Mhandisi akisogeza nguzo anatuma faili yenye jina jipya, mara nguzo_R2, mara nguzo_R2_mpya. Karatasi zetu zinaendelea kusoma ile ya kale. Juzi mchoro wa maegesho ulimfikia mteja ukiwa na nguzo katikati ya njia ya magari, ilhali mhandisi alishaiondoa hapo. Tena nikifungua kazi kwenye kompyuta ya mwenzangu, nusu ya rejea hazipatikani. Nataka utaratibu ambao hata mwanafunzi aliyekuja mafunzo ya kazini ataufuata.

mzee_wa_gridi

Ndugu yangu, hayo ni matatizo mawili, tuyatenganishe.

La kwanza ni jina. Karatasi yako haijui kwamba kuna kitu kipya. Inatafuta jina lile lile ulilounganisha mwanzo. Kwa AutoCAD, nguzo_R2 ni faili nyingine kabisa. Basi faili inayofanyiwa kazi ibaki na jina moja hadi jengo likabidhiwe: gridi.dwg, nguzo.dwg, sakafu-01.dwg. Hakuna tarehe, hakuna R ya marekebisho, hakuna "mwisho". Tarehe ni ya nakala. Nguzo mpya zikifika, mtu mmoja anayejulikana na wote anahamishia faili ya kale kwenye folda ya kumbukumbu yenye tarehe, ukianza na mwaka, mwezi, kisha siku ili folda zijipange zenyewe. Halafu anaweka mpya pale pale, kwa jina lile lile. Aliye na karatasi wazi ataona ujumbe kwenye kona ya chini kwamba rejea imebadilika. Kwa kawaida programu hukagua kila dakika 5. Apakie upya, aendelee.

Mimi nilianza kwa kalamu ya wino na karatasi ya kunakilia. Wakati huo herufi ya marekebisho iliandikwa kwenye kisanduku cha kona, na mpaka leo mahali pake ni hapo. Marekebisho ni ya karatasi inayotoka ofisini. Ukiyaingiza kwenye jina la faili hai, unakata mishipa yote iliyoishikilia.

La pili ni njia, yaani anwani ya folda ambamo rejea inatafutwa. Rejea ikiwekwa kwa njia kamili, hata herufi ya diski inaandikwa. Kwako seva ni Z, kwa mwenzako ni X, na hapo ndipo zinapopotea. Weka mpangilio uitwao REFPATHTYPE uwe 1, yaani njia ihesabiwe kuanzia pale mchoro wenyewe ulipo. Tangu toleo la 2018 huo ndio mpangilio wa kawaida, ila miradi ya zamani bado inabeba njia kamili. Zichague zote kwenye paneli ya rejea, ubofye kulia, ubadilishe aina ya njia. Kumbuka njia hiyo haivuki diski: mchoro ukiwa C na rejea Z, haitafanya kazi.

boriti_imara

Mzee amesema kweli. Naongeza upande wetu wa uhandisi. Mimi navuta sakafu zenu, ninyi mnavuta nguzo zangu. Sote tukitumia aina ya rejea iitwayo "Attachment", inayomfuata kila anayeuvuta mchoro, rejea zinazunguka na programu inalalamika. Tumieni "Overlay": inaonekana kwenye mchoro ilipowekwa tu, haimfuati anayeuvuta mchoro huo. Kila mtu achore kuanzia 0,0 moja, yaani nukta moja ya mwanzo, tuseme makutano ya gridi A na 1, na INSUNITS, yaani kizio cha vipimo, iwe milimita kwa wote.

La Rongai linanitia wasiwasi zaidi. Kwenye seva ya ofisi, faili ikifunguliwa hutokea vifaili vya dwl vinavyoonyesha nani anayo, na amri ya WHOHAS itakutajia. Kwenye folda inayosawazishwa kwa intaneti kila mtu ana nakala yake, kwa hiyo kufuli hiyo si ya kutegemea. Wawili wakihifadhi pamoja, mnapata faili mbili zinazogombana. Kila faili iwe na mwenyewe mmoja. Wengine waivute tu, wasiifungue kuibadilisha. Na stima ikikatika ghafla, dwl inaweza kubaki na faili ikadai iko wazi kwa mtu. Hakikisha hakuna aliyeifungua, ndipo uifute.

mchoraji_ngara

Asanteni sana. Na mkandarasi anayedai faili moja tu?

mzee_wa_gridi

Kwanza muulize ataifanyia nini. Akitaka kuendelea kuchora, mpe kifurushi cha ETRANSMIT, kinakusanya mchoro na rejea zake zote. Akitaka kuangalia tu, PDF inamtosha. Akishikilia faili moja, fanya "Bind", yaani geuza rejea ziwe sehemu ya mchoro wenyewe, kwenye nakala, kamwe usiguse faili hai. Usichague "Insert" hapo: inaondoa jina la faili kwenye leya (tabaka za mchoro), na leya zenye majina sawa zinaungana. "Bind" huacha jina hilo likifuatwa na alama ya $0$, kwa hiyo leya ya mhandisi bado utaitambua. Kama programu yake ni ya kati ya 2013 na 2017, hifadhi nakala hiyo kwa muundo wa 2013, maana wa 2018 hautafunguka kwake.