Mimea ya chini, urefu wa miti au maabara: kipi kinasoma vizuri udongo wa msitu?

Mchimba_Mizizi: Wadau, nina msitu mchanganyiko ninaotaka kuugawa kanda kwa rutuba. Pesa ya maabara haitoshi kupima kila kona. Kuna kusoma mimea inayoota chini ya miti, kuna kupima urefu wa miti kwa umri wake, na kuna kupeleka sampuli chache kisha kukisia kwingine. Mngeenda na ipi?

Kangaga: Mimea ya chini, mkuu. Ukichota udongo hapa na ukachota tena hatua chache mbele, pH, yaani kipimo cha uchachu, inaweza kutofautiana kabisa. Mmea umeishi hapo miaka, umeonja ukame na mvua. Cajander, mtaalamu wa misitu wa Finland, alipanga misitu kwa njia hii tangu 1909. Ellenberg, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, akaja na alama za kila mmea mwaka 1974: 1 hadi 9 kwa asidi na kwa rutuba, 1 hadi 12 kwa unyevu. Vaccinium myrtillus, kichaka kifupi cha matunda, ana 2 kwenye asidi, maana yake udongo mchachu. Mercurialis perennis, mmea mdogo wa kivulini, ana 8, huyo anapenda chokaa.

Mama Mboji: Taratibu hapo. Urtica dioica, ule unaowasha, watu wakiuona tu wanasema udongo una naitrojeni. Sawa, ila unapenda fosforasi pia, na fosforasi haiondoki kirahisi. Kaskazini mashariki mwa Ufaransa kuna msitu ulioota juu ya mashamba ya enzi za Warumi, na karibu miaka 2,000 baadaye mimea yake bado inatofautiana na ya pale ambapo hapakulimwa. Kwa hiyo unaweza kudhani unasoma mwamba kumbe unasoma samadi ya watu wa kale!

Halafu kuna mwanga. Miti ikikatwa, jua linaingia, mboji inaoza haraka, naitrojeni inaachiliwa na mimea ya rutuba inafurika. Udongo wenyewe ni uleule.

Kangaga: Ndiyo maana hatuangalii mmea mmoja. Unaorodhesha yote kwenye kipande, unachukua wastani wa alama. Na usilinganishe uwazi na kivuli.

Nyungunyungu: Mchimba, msitu wako uko ukanda gani? Alama za Ellenberg zilitengenezwa kwa Ulaya ya Kati, ukizipeleka tropiki unajidanganya. Amazon watafiti wa Finland walitumia makangaga na mimea ya familia ya Melastomataceae kutofautisha udongo maskini na wenye kalisi, magnesi na potasi nyingi. Ni akili nzuri: kutambua miti mamia kwa hekta ni kazi ya kuua, makangaga yako usawa wa macho. Ila Pteridium, naye ni kangaga, mwache. Anapenda udongo mchachu, kweli, lakini anafuata moto pia, na yuko karibu dunia nzima.

Fundi Msitu: Urefu wa miti unafaa shamba la spishi moja na umri mmoja. Kwa mchanganyiko sahau.

Mchimba_Mizizi: Kwa hiyo mimea ichore mipaka, kisha maabara ndani ya kila kanda?

Mama Mboji: Hivyo ndivyo ningefanya. Mimea itakuambia huku kuna rutuba kuliko kule, haitakuambia kuna kilo ngapi za fosforasi. Kama uko nchi zenye majira ya baridi, pita mara mbili kwa mwaka. Anemone nemorosa, ua dogo la msituni, anachanua kabla miti haijatoa majani, kufikia kiangazi humwoni. Na ukichota sampuli, tenga tabaka la mboji na udongo wa chini yake. Mimea mingi midogo mizizi yake iko juu, miti inafika mbali zaidi, kwa hiyo orodha yako inaweza kulia njaa wakati mti unakula vizuri huko chini. Pale majibu ya maabara yanapogongana na mimea, chimba shimo uone mwenyewe.

Fundi Msitu: Na usichanganye sampuli za kanda mbili kwenye mfuko mmoja, nimeona watu wakifanya hivyo kuokoa ada.