Acheni kutuuzia mausipisi "inayoingia zote" halafu mnasema mtoto hana mdomo!

Wakuu, salamu baadaye, kwanza niwake. Nazungumzia mausipisi, kile kipande cha mdomoni kinachopachikwa kwenye tarumbeta, tromboni na wenzao.

Kila ukifungua magrupu ya bendi unakutana na tangazo lile lile: "Mausipisi inauzwa, inaingia tarumbeta zote, bei njoo inbox." Inaingia zote kivipi? Muuzaji anajua kabisa mnunuzi wake ni mzee wa usharika aliyetumwa na bendi, hatofautishi koneti (ile inayofanana na tarumbeta fupi) na tarumbeta, basi anambebesha chochote kilicho mezani. Jumapili kijana akikwaruza noti, mwalimu anamwambia hana mdomo, ahamie ngoma. Mdomo hauna kosa. Kosa ni chuma mlichompa.

Kitu cha kwanza kuangalia ni MKIA, ile sehemu inayozama kwenye soketi ya bomba. Namba, kampuni na mng'ao vinakuja baadaye. Mkia wa koneti ni mfupi na mwembamba kuliko wa tarumbeta. Ukiutia kwenye tarumbeta unadumbukia na kucheza, na wa tarumbeta kwenye koneti unaishia mlangoni. Nimeona watu wanazungushia tepu ya mafundi bomba ili "ikae". Hewa inavuja pale pale, noti zinateleza, na ukipiga C ya kati na C ya juu haziimbi pamoja hata uhangaike vipi na slaidi ya kutyuni.

Kwenye tromboni ndiyo balaa lenyewe. Kuna mkia mdogo na mkia mkubwa. Tromboni ya bomba la mm 12.7, ambayo ndiyo imejaa kwenye bendi zetu, kwa kawaida inataka mkia mdogo. Ya bomba la mm 13.89, ambayo mara nyingi ina vali ya F nyuma (ya kuongeza bomba ili noti zishuke), inataka mkubwa. Mkubwa ukiulazimisha kwenye soketi ndogo, mausipisi inabaki nje, chombo kinakuwa kirefu kuliko kilivyobuniwa, na sauti yako inakuwa chini ya wenzako muda wote. Mdogo kwenye soketi kubwa unazama na kuyumba, noti ya chini na pacha wake wa juu hazilingani. Mausipisi ya kampuni ya Bach, saizi 6½AL, inatengenezwa kwa mikia yote miwili, kwa hiyo anayekwambia "nina sikisi na nusu AL" bila kutaja mkia hajakwambia kitu. Kampuni ya Denis Wick imejitahidi: 6BS ni mkia mdogo, 6BL ni mkubwa. Herufi ya mwisho, basi, someni!

Yufoniamu (ile kama tuba ndogo) usiguse bila kupima. Za zamani za kampuni ya Besson zina mkia wa kati, si mdogo wala mkubwa, na Yamaha YEP-321 inachukua mdogo. Flugeli honi (kama tarumbeta, ila bomba pana na sauti laini) nazo zina mikia ya aina tatu. Sharika za KKKT (Walutheri wa Tanzania) zinazopokea vyombo kutoka kwa wabia wa Ujerumani zinalijua hili joto: kasha linafika na flugeli za Kijerumani, mausipisi zote zimetupwa kwenye mfuko mmoja, kisha zinagawiwa kama pipi. Ndugu zetu wa Jeshi la Wokovu Kenya wanateswa na tena honi (ile ya bendi inayoshikwa wima): mtu anawauzia mausipisi ya frenchi honi kwa sababu "zote ni honi".

Kupima ni bure. Ingiza mausipisi taratibu, usizungushe, kisha itikise pembeni kwa vidole viwili. Ikigonga au kucheza, mkia si wake, au ncha imepondeka. Kwa tarumbeta inapaswa kuzama takriban sm 2.5 na kukaa imara bila kupigwa. Chungulia pia ncha ya mkia: duara likiwa limebonyea ujue iliangushwa. Fundi ananyoosha kwa chuma cha mviringo kilichochongoka, ni kazi ya dakika chache. Asitumie bisibisi.

Na hao wanaoipiga kofi kwa kiganja ili "ipop", ndio hao hao wanaoleta chombo mausipisi imenasa. Halafu wanakuja na koleo! Ukizungusha kwa koleo unang'oa lehemu ya bomba la mdomoni, na kuirudisha ni ghali kuliko mausipisi tatu. Kuna kifaa maalumu cha kuvutia, kina skrubu mbili, kinavuta wima. Bendi yenye vyombo kumi isiyo na kifaa hiki inajitafutia hasara.

Sasa namba za saizi zilizoandikwa ubavuni. Hakuna kiwango cha dunia. Kwa Bach namba ikipungua duara la ukingo, pale midomo inapokaa, linapanuka, na herufi kutoka A kwenda E kikombe kinapungua kina. Kampuni za Schilke na Yamaha zimegeuza: namba ikiongezeka duara linapanuka, na A ndiyo kikombe kifupi. Kwa hiyo Yamaha 11B4 ni jirani wa Bach 7C, wala si "kubwa mno" kama alivyodai mtaalamu mmoja wa grupu. Na nyie mnaojisifu mmepanda daraja kutoka 7C kwenda 3C: katalogi ya Bach inasema kipenyo cha duara ni mm 16.20 na mm 16.30. Mmepanda sehemu moja ya kumi ya milimita! Mnachokihisi ni ukingo, maana 7C ina kona kali zaidi upande wa ndani. Na ile "7C" isiyo na jina la kampuni inayokuja ndani ya boksi la tarumbeta ya bei chee, msiiamini kwa namba tu. Mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana ukingo.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni walimu wanaowapa watoto kikombe kifupi, aina ya Schilke 14A4a, ili wafike noti za juu kwenye harusi. Mausipisi hiyo ni ya mtu mzima anayepiga noti za juu usiku kucha na midomo yake imeshajengeka. Midomo minene ya anayeanza inajaa ndani ya kikombe na kugusa chini, mtetemo unakufa, sauti inakatika. Anabonyeza zaidi, alama nyekundu haitoki hadi jioni, noti za chini zinakuwa nyembamba kama za nzi. Mwanafunzi wa tarumbeta mpeni 7C, 5C au 3C ya kweli akae nayo. Wa tromboni ya mkia mdogo, 12C au 6½AL.

Halafu kuna mafundi wa kutoboa. Koo, yaani tundu lililo chini ya kikombe, la kawaida kwa Bach ya tarumbeta ni mm 3.66. Mtu anachukua drili ya mm 4 "ili ipumue". Pumzi inaisha mapema, noti za juu zinashuka, na shimo halirudi.

Mchovyo nao uangalieni. Fedha ikishalika ukingoni, shaba ya manjano inagusa ngozi moja kwa moja, midomo inawasha, na shaba hiyo mara nyingi ina madini ya risasi kidogo. Nikeli inawasha wengine hata ikiwa mpya. Aliyedhurika achovye upya au atumie ya plastiki kama Kelly. Zinazotumiwa na watu wawili zioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi kila zinapobadilisha mdomo. Kufuta kwa shati si kuosha.

Ukienda kununua, nenda na CHOMBO CHAKO na programu ya kutyuni kwenye simu. Piga wimbo ule ule kwa ile ya zamani na mpya, shuka hadi F kali ya chini, panda hadi G ya juu ya mistari, na usiamue ukiwa na midomo mibichi. Rudia baada ya dakika ishirini za kupiga, hapo ukingo mbaya unajitaja wenyewe.

Wauzaji mliomo humu, tangazo liwe na picha ya maandishi ubavuni, picha ya ncha ya mkia, na kipenyo cha mkia kwa milimita kilichopimwa kwa kalipa (kile kipimo cha taya mbili). Na bei iandikeni hapa hapa, si inbox.