Filamu bora kuliko zote: tuwasikilize wahakiki au watazamaji?

Jicho la Tatu (mleta mada): Wakuu, salaam. Kila baada ya miaka 10 jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki ni filamu zipi bora tangu sinema ianze. Mwaka 1952 iliongoza Bicycle Thieves. Kisha Citizen Kane ikakikalia kiti kuanzia 1962 mpaka Vertigo ilipokuja kuing'oa mwaka 2012. Mwaka 2022 ikashinda Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975: mama mjane, siku 3, anapika, anaosha vyombo, anamenya viazi. Huko kwenye tovuti ya filamu ya IMDb, ambako yeyote anapiga kura, Shawshank Redemption iko juu miaka nenda miaka rudi, na kwenye 100 bora za wahakiki haimo kabisa. Sasa nani mwenye haki ya kusema ipi ni bora? Mimi naona wahakiki wametukimbia. (Hiyo Jeanne Dielman nimeiona, msije mkasema sijui ninachosema. Ila pale jikoni nilikuwa napeleka mbele, maisha mafupi.)

Bwana Pazia: Shawshank haina mpinzani. Jamaa yuko jela, anatoboa ukuta miaka 19 bila askari kujua! Na ilibeba Oscar kibao.

Kisiki: Oscar zipi, mkuu? Iliwania 7 ikatoka kapa. Usiku ule ulikuwa wa Forrest Gump. Hata kwenye majumba ya sinema ilidoda, watu wakaja kuipenda baadaye kwenye kanda na televisheni.

Bwana Pazia: Si ndiyo unanisaidia sasa? Wakubwa waliinyima, watu wakaipa. Asante kwa ushahidi.

Bint Projekta: Ngoja kwanza. Mleta mada, ulipeleka mbele wapi? Jikoni? Jikoni ndiyo filamu yenyewe! Siku ya pili viazi vinamzidi moto, anazunguka na sufuria mkononi hajui akaimwage wapi. Mtu aliyekuwa anaishi kwa saa ameanza kupoteza mpangilio. Kama hukukaa naye siku ya kwanza akimenya taratibu, hapo huoni kitu. Halafu unakuja kuwahukumu wahakiki.

Jicho la Tatu: Dada, punguza jazba. Nilichouliza ni nani aamue, sikuomba kufundishwa kumenya. Saa 3 na dakika 20! Kuna watu tuna majukumu.

Kisiki: Godfather Part II nayo ni saa 3 na dakika 20 hivi. Sijawahi kusikia majukumu yako yakiingilia hapo.

Jicho la Tatu: Godfather watu wanauana, bwana.

Bint Projekta: Ungefika mwisho wa Jeanne Dielman bila kurukaruka usingesema hivyo. Naishia hapo, sitaki kumwaga mtama.

Karani wa Kura: Kabla hamjararuana, angalieni kura yenyewe inavyohesabiwa. Kila mhakiki anataja filamu 10, na kila aliyoitaja inapata kura moja, iwe anaiabudu au ameiweka ili kutimiza idadi. Kwa hiyo inayoshinda ni ile iliyotajwa na wengi, na huenda ni wachache wanaoiona namba moja. Pili, mwaka 2012 walipiga kura 846, mwaka 2022 wakazidi 1,600, tena wa kutoka sehemu nyingi zaidi. Ndiyo maana La Noire de... ya Msenegali Ousmane Sembène imeingia kwenye 100, na Touki Bouki ya Msenegali mwenzake Djibril Diop Mambéty, iliyokuwemo tangu 2012, imepanda juu. Waongozaji nao hupiga kura yao pembeni, na mwaka huohuo walichagua 2001: A Space Odyssey. Watu wavivu wa kusoma huona jina la juu tu wakaanza kelele.

Jicho la Tatu: Mvivu wa kusoma ni nani?

Thakur Bila Mikono: Mnavutana bure. Mwaka uleule wa 1975 ilitoka Sholay, picha ya Kihindi. Ukumbi wa Minerva pale Mumbai uliionyesha zaidi ya miaka 5. Wahakiki gani tena mnawatafuta? Mimi nikisikia sauti ya yule jambazi Gabbar hadi leo nakaa vizuri kwenye kiti.

Kisiki: Sholay naipenda, lakini tuwe wakweli, wanaume wa kukodiwa kuja kulinda kijiji dhidi ya majambazi tuliwaona kwa Mjapani Kurosawa, Seven Samurai, 1954.

Thakur Bila Mikono: Nilijua tu. Wamarekani walipotengeneza Magnificent Seven mwaka 1960 hukuwaita wezi. Akifanya Mhindi, kaiga.

Kisiki: Neno "wezi" nimelitaja wapi? Na Wamarekani walisema wazi wametoa wapi.

Bwana Pazia: Mimi Sholay ilinikosea kitu kimoja tu. Steringi hafi! Wakamuua Amitabh.

Jicho la Tatu: Aisee! Nilikuwa sijaiona hiyo!

Bwana Pazia: Ndugu yangu, picha ina nusu karne. Huo mtama umeshaota na kuvunwa.

Karani wa Kura: Kuna mtu atajibu hoja yangu ya kura?

Mgeni wa Jana: Jamani, kwani kuruka ni dhambi? Mimi picha zote naangalia kwa kasi ya moja na nusu. Namaliza tatu wakati nyie mnamaliza mbili.

Bint Projekta: Moja na nusu! Mwongozaji amekaa wiki nzima akipima ule ukimya uwe sekunde ngapi, wewe unaukata kwa kidole. Hujaona tatu, hujaona hata moja.

Thakur Bila Mikono: Hapo nipo na dada. Picha inatazamwa ilivyo.

Jicho la Tatu: Safi. Na wewe Thakur, nyimbo za Sholay huwa huruki?

Thakur Bila Mikono: Nyimbo ni tofauti.

Kisiki: Hahaha!

Bint Projekta: Tofauti vipi, kaka? Ule wimbo Basanti anacheza juani mpaka juu ya vipande vya vioo, mpenzi wake Veeru amefungwa, Gabbar amesema miguu ikisimama na roho inatoka. Ukiruka hapo umeruka roho ya mtu. Na wimbo wa Holi, furaha ile ikiisha tu majambazi wanaingia kijijini. Wamekulainisha makusudi wakupige.

Thakur Bila Mikono: Wa vioo siruki. Naruka ile mingine.

Kisiki: Kwa hiyo shabiki mkuu wa Sholay hajaimaliza Sholay.

Thakur Bila Mikono: Nimeimaliza wewe ukiwa hujazaliwa. Chunga maneno.

Bwana Pazia: Ndiyo maana nasema Shawshank. Hakuna mambo ya nyimbo.

Bint Projekta: Na pale yule mfungwa, Andy, anapojifungia ofisini akawawekea wafungwa wote Mozart kwenye vipaza sauti?

Bwana Pazia: Pale huwa napeleka mbele.